Mchikichi na Riziki za Watu wa Ituri

Aveba ni mji mdogo wa Wangiti, kusini ya Bunia, katika utawala wa kijadi wa Walendu Bindi, wilayani Irumu. Na mtu aendaye huko kwa njia ya Bogoro na Gety hupita katika nchi ya vilima na majani, ambayo upande wa magharibi huelekea msitu mkuu wa Ituri, na upande wa mashariki huteremka kwenye bonde la mto Semliki na Ziwa Albert. Watu wa huko hula mihogo, maharagwe, mahindi na samaki wa ziwani, walakini chungu cha sombe, yaani kisamvu, hakihesabiwi kuwa kimekamilika pasipo mafuta mekundu, na mafuta hayo, yauzwayo sokoni kwa kikombe, kwa chupa na kwa bidoni la lita 20, ni zao la mti mmoja, mchikichi, ambao wengi katika mashariki ya Kongo huuita mngazi, na matunda yake ngazi.

Sehemu kubwa ya mafuta yanayofika Bunia na vilimani hutoka katika ukanda wa msitu, pande za Komanda, Mambasa na Beni, kwa kuwa mchikichi ni mti wa nchi ya chini, yenye joto na mvua nyingi, na kadiri mtu anavyoupandisha vilimani ndivyo unavyochelewa kuzaa. Nimeona inafaa kuueleza mti huu kwa kirefu, tangu kilele hata mizizi, kwa sababu wanaoutumia kila siku ni wengi mno na wanaoijua thamani yake yote ni wachache, na kwa sababu mimi nasadiki kwamba utajiri wake, ambao umekwisha kuzitajirisha nchi za mbali, haujapata bado kuwafikia ipasavyo wale waliourithi kutoka kwa babu zao.

Mchikichi, ambao wataalamu huuita Elaeis guineensis, ni mzaliwa wa Afrika yenyewe, tangu pwani ya Guinea hadi bonde la Kongo, na pana jambo moja katika tabia yake ambalo hatuna budi kulizingatia kabla ya mengine: hupenda jua, na mche wake ukiota katika kivuli kizito cha msitu hudumaa na kufa. Kwa hiyo msafiri akikuta katikati ya msitu kundi la michikichi mirefu iliyosongwa na miti mingine, aghalabu huwa amesimama mahali palipokuwa kijiji au shamba, ambapo watu wa zamani walifyeka na kuchoma, wakala ngazi, wakatupa kokwa nyuma ya nyumba, nazo zikaota zenyewe bila kupandwa na mtu. Katika nchi ambayo wazee wake hawakuacha hati za maandishi, michikichi ya namna hiyo ni ushahidi wa maisha ya watu, na si ajabu mzee akiitaja anapoulizwa jamaa zake walikaa wapi kabla ya barabara kufika.

Shina lake husimama wima bila tawi, na mti wa porini wenye umri mkubwa huweza kupita mita 20. Mti uleule mmoja huzaa maua dume na maua jike kwa zamu, na ua jike likichavushwa huwa mkungu mzito wa kilo 10 hadi 25, uliojaa miiba na matunda 1,000 hadi 3,000, kila tunda likiwa na ukubwa wa zambarau, jeusi likiwa changa na jekundu la kung'aa likiiva. Ndani ya tunda hilo dogo mna mafuta ya aina mbili zisizofanana hata kidogo: nyama ya nje ina mafuta mekundu, ndiyo mawese, na kiini kilichofichwa ndani ya kokwa kina mafuta mengine, ambayo kwa tabia yake yamekaribiana zaidi na mafuta ya nazi.

Kazi ya kuyapata mawese huanza juu ya mti. Mkwezi huzungusha mshipi wa kamba ngumu kiunoni mwake na shinani, akapanda hatua kwa hatua akiurusha mshipi mbele yake, na afikapo kileleni hukata kwanza makuti yaliyouziba mkungu, kisha hukipiga kikonyo kwa shoka au panga hata mkungu uanguke kwa kishindo. Ni kazi ya hatari, na wako waliovunjika migongo kwayo, ndiyo maana mwenye michikichi mifupi ya kupandwa huiona ni neema, kwa kuwa huikata mikungu yake kwa mundu uliofungwa kwenye ufito mrefu, naye amesimama chini kwa salama. Mkungu ukishafika ardhini, kazi iliyobaki, ambayo ndiyo kubwa zaidi, aghalabu huangukia mikono ya wanawake.

Mkungu hupasuliwa vipande, ukafunikwa kwa majani ya mgomba siku mbili au tatu mpaka ngazi zilegee katika mashina yake, kisha zikachambuliwa moja moja, na miiba huwachoma vidole hata walio mahodari. Ngazi hutiwa katika pipa la chuma zikachemshwa kwa saa nyingi, na zikiwa bado na moto hutwangwa katika kinu kipana, na mchi hushuka mpaka nyama yote imeachana na kokwa, ambazo kwa ugumu wake hazivunjiki. Rojo hilo la nyuzi na mafuta hukamuliwa, ama kwa mikono ndani ya maji ya moto, ama kwa presi ya parafujo inayozungushwa na watu wawili. Na kile kimiminika chekundu kinachotoka hurudishwa motoni, mafuta yakaelea juu, yakaenguliwa kwa upawa na kutiwa katika sufuria nyingine. Hapo mpishi hutega sikio. Maadamu mafuta yanatatarika, bado yana maji ndani yake, na mafuta yenye maji hayakai. Yakinyamaza motoni, basi yamekauka, nayo huchujwa na kutiwa katika bidoni.

Katika taratibu hii nzuri zimo hasara mbili, ambazo yafaa kila mwenye kukamua azijue. Ya kwanza ni ile ya siku za kungoja: ndani ya tunda kuna kimeng'enya ambacho, mara ngazi ikichubuka au ikiiva kupita kiasi, huanza kuyavunja mafuta na kuyageuza kuwa asidi, na kila siku ya kungoja huzidisha ukali, hata mafuta yakawa hayana sifa ya kununuliwa na viwanda vya chakula; ndiyo maana viwanda vikubwa huipika mikungu kwa mvuke siku ileile iliyokatwa, au kesho yake, ili kukiua kimeng'enya hicho mapema. Ya pili ni ile ya mikono: mwenye kukamua kwa mikono mitupu huweza kuacha takriban nusu ya mafuta ndani ya nyuzi, ambazo halafu hutupwa au kuwashwa moto. Presi ndogo, hata ile ya kuzungushwa kwa mkono, huongeza mafuta bila kuongeza mti mmoja, na kwa maoni yangu hakuna msaada ulio bora kuliko huo kwa kijiji chenye michikichi.

Kokwa zilizobaki hazitupwi. Huanikwa juani mpaka kiini kijitenge na gamba, kisha wanawake na watoto huzivunja kwa jiwe juu ya jiwe, na viini hukaangwa na kutwangwa, vikatoa mafuta meusi yenye harufu ya moshi, ambayo watoto wachanga hupakwa mwilini na wanawake hupaka nywele. Viini vikiuzwa kiwandani hukamuliwa mafuta meupe yanayotengeneza sabuni ya povu jingi, na mashudu yake huwa chakula cha mifugo. Magamba nayo huwaka kwa moto mkali sana, na palipo na tope mbele ya nyumba humwagwa yakawa njia.

Na kwa kuwa nimetaja sabuni, nieleze kwamba hapana haja ya kiwanda kuipata. Katika siku hizi hununuliwa soda kali, ikayeyushwa katika maji kwa uangalifu, maana huunguza ngozi na macho, kisha ikachanganywa na mawese na kukorogwa mpaka yagande, yakakatwa vipande. Wazee hawakuwa na soda hiyo, lakini walikuwa na maarifa yao: mkungu mtupu, uliokwisha kuchambuliwa, waliuchoma, wakayatia majivu yake katika chungu chenye matundu, wakayamwagia maji, na maji yaliyochuruzika, yenye potasi nyingi, waliyachemsha pamoja na mafuta yakawa sabuni laini. Maji hayohayo yakikaushwa huacha chumvi ambayo, kabla ya chumvi ya madukani kuenea, ililainisha mboga katika vyungu vya sehemu nyingi za bonde la Kongo.

Makuti huezekea vibanda na kuzungushia nyua. Njukuti zake, zikisafishwa na kufungwa pamoja, ndizo mifagio. Kilele kichanga ni mboga tamu, ila mwenye kukila ameua mti. Maji ya mti huu nayo hugemwa yakawa tembo, ama kwa kukata ua dume mti ukiwa hai, ama kwa kuuangusha mti mzima na kuchimba tundu penye kilele chake; na tembo lake, ambalo asubuhi ni tamu na jepesi, kufika jioni huwa kali kwa kuwa hamira za hewani hulichachua bila kutiwa. Mimi siwalaumu wanywaji, lakini yule auangushaye mti wa miaka ishirini kwa ajili ya tembo la majuma machache huwa ameuza urithi wa watoto wake kwa bei ndogo sana. Yapo hata hivyo yanayofuata baada ya kuanguka: fukusi mkubwa hutaga mayai katika shina linalooza, na mabuu wake wanono, ambao wasemao Kilingala huwaita mposé, hukusanywa na kukaangwa kwa mafuta yao wenyewe, nao huuzwa katika masoko ya Kongo kwa bei isiyopungua ile ya nyama. Juu ya mikungu mitupu iliyorundikwa mahali pa unyevu huota uyoga.

Katika habari ya afya, wengi wana shaka juu ya mawese, na shaka hiyo ina sehemu yake ya haki, kwa kuwa karibu nusu ya mafuta hayo ni mafuta mazito ambayo yakizidi si mema kwa moyo, na mwenye maradhi ya moyo yampasa amsikilize daktari wake. Walakini wekundu wake si rangi tu. Ni karotini, kiasi cha miligramu 500 hadi 700 katika kilo moja, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na vitamini hiyo ndiyo inayomkinga mtoto na upofu wa usiku na kumpa nguvu ya kushindana na surua. Mama amtiliaye mtoto wake kijiko cha mawese katika uji au katika sombe amempa dawa ambayo serikali nyingi huigawa kwa vidonge. Lakini yule ayachomaye mafuta juu ya moto mpaka yawe meupe, kama wafanyavyo baadhi ya watu ili kuondoa harufu, ameichoma karotini yote pamoja nayo, na kilichobaki ni mafuta matupu.

Sasa na tutazame jinsi mti wa vijijini ulivyokuwa mali ya dunia. Mwaka 1911 Mwingereza William Lever, mwenye viwanda vya sabuni ya Sunlight, alifanya mkataba na serikali ya Ubelgiji, akapewa katika Kongo haki juu ya michikichi iliyomo ndani ya maduara matano, kila duara likiwa na kilomita 60 tangu katikati hata ukingoni. Na kampuni yake, Huileries du Congo Belge, ikaweka makao yake makubwa Lusanga, penye mto Kwilu, mahali palipopewa jina la Leverville. Michikichi ile hakuipanda yeye. Ilikuwa imeota katika nchi ya watu na kutunzwa nao. Wakwezi walitafutwa kwa nguvu za machifu na za serikali, na kodi ya kichwa iliwalazimisha kukata mikungu kwa malipo hafifu. Msukosuko wa uchumi wa dunia ulipoishusha bei ya matunda huku kodi ikidaiwa vilevile, Wapende wa Kwango waliinuka mwaka 1931, wakamwua mtumishi wa serikali Maximilien Balot, na jeshi la wakoloni likajibu kwa mauaji ya mamia yao. Kampuni ya Lever, baada ya kuungana na Waholanzi, ndiyo iliyokuwa Unilever.

Katika zama hizohizo za dhiki, jambo lingine kubwa lilikuwa likitendeka kwa utulivu katika ardhi hiyohiyo ya Kongo. Huko Yangambi, kando ya mto Kongo, magharibi ya Kisangani, palikuwapo, chini ya taasisi ya utafiti wa kilimo ya INEAC, iliyoundwa mwaka 1933, shamba la utafiti lililopata kuwa mashuhuri duniani kote, na miti yake mama ya mwanzo ilitoka kwa mbegu za bustani ya Eala, karibu na mji uitwao leo Mbandaka. Watu walikuwa wakijua tangu zamani kwamba michikichi haifanani: mmoja, uitwao dura, una gamba nene la kokwa na nyama kidogo, mwingine, pisifera, hauna gamba kabisa, lakini maua yake jike aghalabu hayazai, na wa tatu, tenera, una gamba jembamba na nyama tele. Kilichowatatiza wakulima ni kwamba mbegu za tenera zilipopandwa zilitoa mchanganyiko wa aina zote tatu. Mwaka 1941 wataalamu wawili wa Yangambi, Beirnaert na Vanderweyen, walitangaza ufumbuzi: tenera ni mtoto wa dura na pisifera, na mwenye kuchavusha ua la dura kwa vumbi la pisifera hupata watoto walio tenera wote. Kwa maarifa hayo peke yake mafuta yatokayo katika mkungu yaliongezeka kiasi cha theluthi moja.

Matunda ya elimu hiyo yalivunwa zaidi mbali na hapa. Mwaka 1848 miche minne ya mchikichi ilikuwa imekwisha kupandwa katika bustani ya Bogor, Java, kama pambo. Uzao wake ulifika Sumatra, na huko Mbelgiji Adrien Hallet, aliyekuwa ameijua Kongo, alianzisha mashamba ya biashara mwaka uleule wa 1911. Baadaye mbegu za dura za huko zilioanishwa na pisifera za asili ya Yangambi, na mwaka 1981 Malaysia ikaleta kutoka Kameruni kidudu kidogo, Elaeidobius kamerunicus, ambacho ndicho mchavushaji halisi wa mchikichi, na ambacho kabla ya hapo kazi yake ilikuwa ikifanywa kwa mikono ya vibarua. Leo Indonesia na Malaysia hutoa zaidi ya asilimia 80 ya mawese ya dunia, na Kongo, ambayo katika miaka ya 1950 ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa, hununua mawese kutoka nje. Sielezi haya ili kuwahusudu Waasia, ambao nao wamelipa kwa kupoteza misitu mikubwa. Nayaeleza kwa kuwa yananiuma, na kwa kuwa yanaonyesha wazi kwamba kuwa na mti si sawa na kuwa na mbegu yake.

Jirani zetu wamekwisha kuanza. Uganda, katika kisiwa cha Bugala wilayani Kalangala, ilianza kupanda michikichi katikati ya miaka ya 2000, kwa mpango wa hekta 6,500 za kampuni na 3,500 za wakulima wadogo. Wako waliofaidika, na wako waliolalamikia ardhi zao na msitu uliofyekwa. Kigoma nako, ambako mawese ni amali ya kale, serikali ya Tanzania tangu 2018 imeisukuma kazi ya kuotesha miche ya tenera katika kituo cha Kihinga.

Ama Aveba, kizuizi chake cha kwanza kimekuwa vita. Mchikichi bora huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, na huendelea kuzaa kwa faida hata kufikia miaka 25, basi mtu anayeupanda hana budi kuamini kwamba atakuwapo kuuvuna. Na tangu 1999 watu wa Irumu wamekimbia na kurudi, wakakimbia tena, mashamba yakiota majani nyuma yao. Mkataba uliotiwa sahihi Gety tarehe 28 Februari 2020 kati ya serikali na wapiganaji wa kundi la silaha la FRPI uliwapa wengi tumaini la kulima kwa utulivu, ingawa njia za Ituri hazijawa salama zote, na kila kizuizi barabarani huongezwa katika bei ya bidoni.

Kwa yule ambaye ardhi yake iko katika mabonde ya chini, penye joto na maji, na amekata shauri kupanda, pana shauri moja lililo juu ya mengine yote. Asiokote kokwa chini ya mti mzuri wa jirani akadhani atapata mti kama ule. Kwa sheria iliyovumbuliwa Yangambi, uzao wa tenera kwa tenera ni robo dura, nusu tenera, na robo pisifera zisizozaa, naye hataijua hasara hiyo mpaka miaka minne imepita. Atafute miche iliyotoka katika kituo kinachochavusha kwa mkono, aulize asili yake, na akiwa na shaka juu ya mti uliokwisha kuzaa alikate tunda lake katikati kwa kisu kikali: gamba likiwa jembamba, na pembeni yake pana duara la nyuzi nyeusi zilizotawanyika katika nyama, hiyo ni tenera. Miche hukaa kitaluni karibu mwaka mmoja, kisha hupandwa kwa pembetatu, mita 9 kati ya mmoja na mwingine, ambayo ni miti 143 katika hekta. Na katika miaka mitatu ya kwanza, kabla makuti hayajakutana, nafasi hiyo hutosha maharagwe, karanga na mahindi, hata mwenye shamba akala na kuuza huku miti ikikua. Presi na inunuliwe kwa ushirika wa nyumba kadha, iwekwe karibu na kijito, maana kazi ya mawese hutaka maji mengi, na ngazi zipikwe siku ileile zinapokatwa.